Tusiwasafishe Wazee wa Ramisi Hadi Wakanyamaza

Programu za kuhariri sauti zimepiga hatua kubwa katika miaka hii michache, na sisi tunaofundisha isimu vyuoni hatuna budi kushukuru. Chukua mfano wa Audacity, ambayo Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg waliianzisha mwaka wa 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Programu hii hutolewa bure, na wanafunzi wangu wengi wa fonetiki huanzia hapo kwa kuwa hawana fedha za kununulia nyingine. Tangu Muse Group iichukue mwaka wa 2021, matoleo mapya yamekuwa yakifuatana kwa kasi. Walioitumia zamani wataikumbuka adha yake: kazi moja ilihifadhiwa katika folda yenye faili ndogo ndogo chungu nzima, na folda hiyo ikipotea, mahojiano ya saa tatu yalikuwa yamekwenda na maji. Toleo la 3.0 la mwaka wa 2021 likayakusanya yote katika faili moja. Toleo la 3.2 la mwaka uliofuata likaleta jambo ambalo kwa mtafiti ni kubwa zaidi: mtu aweza sasa kuirembesha sauti huku akiisikiliza, kisha akauondoa urembo huo, na sauti ya asili ikabaki vilevile ilivyokuwa.

Nimelitaja hilo la mwisho kwa makusudi, maana yaliyokuja baadaye hayana adabu hiyo kila mara. Kampuni ya Intel imetoa viungo vya kupachikwa katika Audacity ambavyo hutumia akili unde kufuta makelele, kumtenganisha mwimbaji na ala, na hata kuyaandika yanayosemwa kwa msaada wa Whisper, mtambo uliotolewa na OpenAI mnamo Septemba 2022. Programu nyingine nazo zina vyombo vyao vya aina hiyo. Simu tunazotembea nazo mifukoni huisafisha sauti bila hata kutuuliza. Ahadi ni ile ile: bonyeza mara moja, nawe utapata sauti safi. Swali langu, msomaji, ni dogo. Safi kwa sikio la nani?

Niruhusu nikupeleke Ramisi. Kwa asiyeifahamu, Ramisi iko kando ya barabara ya kutoka Likoni kwenda Lunga Lunga, katika Kaunti ya Kwale, na imechukua jina moja na mto unaomwaga maji yake karibu na kisiwa cha Funzi. Kwa miongo kadhaa palikuwa na kiwanda cha sukari ambacho kilifungwa mwaka wa 1988. Mashamba ya miwa yaliwavuta watu kutoka kila upande: Wadigo wenyeji wa hapo, watu wa bara, Wamakonde waliotoka Msumbiji, ambao ilibidi wangoje hadi mwaka wa 2016 ndipo serikali ya Kenya ikawatambua kuwa raia. Ukishuka pwani unakutana na Kichifundi. Ukienda Wasini na Vanga unaipata lahaja ya Kivumba. Sijui ni wapi pengine katika nchi hii ambapo mwanafunzi wa lugha anaweza kusikia mengi namna hiyo kwa nauli ya matatu moja.

Lakini wenye kusema wanapungua. Aliyekuwa na umri wa miaka 30 siku kiwanda kilipofungwa anakaribia kutimiza 70, kama hajaipita. Mwingereza H. E. Lambert aliandika kijitabu juu ya Kivumba mwaka wa 1957 na kingine juu ya Kichifundi mwaka wa 1958, na Kamusi ya Chidigo, Kiingereza na Kiswahili ilitolewa mwaka wa 2004. Hizo ni hazina, wala sizibezi. Hata hivyo, karatasi haina koo. Haituambii mzee alipandisha wapi sauti na kuishusha wapi, nacho Chidigo ni lugha yenye toni. Ndiyo maana tunawatuma wanafunzi na vinasasauti.

Mmoja wao alirudi na mahojiano ya bibi mmoja aliyewahi kufanya kazi shambani, akayapitisha katika programu fulani ya kusafisha, ambayo jina lake nitalihifadhi, kisha akaniletea kwa fahari. Kwa kweli sauti ilikuwa nzuri. Malori ya barabarani hayakusikika, upepo katika minazi ulikuwa umekufa, na bibi yule alisema kama msomaji wa taarifa ya habari akiwa studioni. Nikasikiliza tena. Chidigo kina konsonanti ambayo huandikwa ph. Haitamkwi kama p ya Kiswahili wala kama f. Midomo miwili hukaribiana bila kubanana na hewa ikapita katikati kwa ulaini. Kwa sauti hiyo Wadigo husema kupha tunaposema kupa, na kuphaha tunaposema kupata. Katika mahojiano yale yaliyosafishwa, sauti hiyo ilikuwa imefifia hadi pengine usijue kama kulikuwa na konsonanti. Nayo programu ya kuandika, ilipopewa sauti ile ile, pahali pa kuphaha ikaandika kupaa. Bibi aliyekuwa akieleza alivyopata kazi, kwa mujibu wa mashine, alipaa. Darasa lilicheka sana. Bahati ilikuwa kwamba mahojiano ya asili yalikuwa yangali ndani ya kinasasauti, tukayaweka yote mawili bega kwa bega.

Mashine haikufanya hivyo kwa inda. Njia ya zamani ya kuondoa makelele ni hii: unaichagua sehemu ambayo hakuna anayesema, programu inajifunza sura ya uvumi uliopo, inaigawa sauti nzima katika matabaka ya masafa, kisha inakipunguza kila kilicho chini ya kiwango ulichokiweka. Kwa njia hiyo, mkono wa mtu umo. Ukizidisha unasikia umezidisha. Mbinu mpya imefunzwa kwa saa nyingi za watu wanaosema na kwa makelele ya kila aina, nayo ndiyo huamua kipi ni usemi na kipi ni takataka. Sasa, sauti hafifu ambayo mashine haikukutana nayo sana katika mafunzo yake itaiweka kapu gani? Whisper ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti, na zaidi ya nusu ya hizo zilikuwa za Kiingereza. Kiswahili kilichoambatana na maandishi ya Kiswahili hakikufikia hata saa kumi. Kama hilo ndilo fungu la Kiswahili sanifu, Kivumba kitegemee nini?

Wala si suala la Chidigo peke yake. Muulize Mmvita akutajie tembo la kunywa na t'embo wa porini, au paa la nyumba na p'aa wa mwituni. Kinachoyatenga maneno hayo ni mpumuo, yaani pumzi inayofuata mpasuko wa konsonanti kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Kwa asili yake mpumuo ni ukwaruzo wa hewa, na katika picha ya sauti unafanana na kelele kuliko chochote kingine mdomoni. Kisafishi chenye pupa kikipita hapo, ndovu anageuka kinywaji.

Kuna hasara nyingine ambayo si ya konsonanti. Mzee wa pwani hasimulii peke yake. Waliokaa naye humwitikia, mmoja humsahihisha kwa sauti ya chini kutoka jikoni, mwingine huguna panapohitaji kuguna. Kwa mtafiti wa simulizi, itikio hilo ni nusu ya habari: ndilo linalotuonyesha ni wapi wasikilizaji walikubali na wapi walisita. Kwa mashine, ni sauti hafifu zilizo mbali na maikrofoni. Na zile programu zinazofupisha kimya huku zikikiita muda uliopotea! Nimemsikiliza mtu wa Ramisi akiulizwa juu ya ardhi, jambo ambalo limeleta migogoro mingi huko tangu kiwanda kifungwe, akanyamaza kitambo kirefu kabla ya kujibu. Kimya kile sikitoi kwa bei yoyote.

Tumewahi kupitia jambo linalofanana na hili. Mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 ulikiteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka wa 1930. Maandishi yaliyokubaliwa hayakuwa na alama ya mpumuo. Wamvita wamelilalamikia jambo hilo hadi leo, na mimi nawaelewa. Lakini palikuwa na kamati. Palikuwa na kumbukumbu za vikao, na watu wa kulaumiwa kwa majina yao. Usanifishaji huu wa leo hauna kikao. Unapita katika kitufe, na anayeubonyeza ni kijana wa miaka ishirini ambaye nia yake ni kupata alama nzuri kwangu.

Nisije nikaeleweka kwamba napinga vyombo vipya. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka wa 1928 kurekodi nyimbo zake, na sahani za enzi hizo zikichezwa huchakarisha kama mchanga juu ya bati. Kuipata sauti ya mwimbaji kama yeye chini ya mchakariko, na kuitenga na udi na fidla, ni neema ambayo walimu wangu hawakuiota. Fanyeni, na mfanye zaidi. Ila sahani yenyewe isitupwe, na aliyesafisha aandike amesafisha nini, kwa programu ipi na toleo lipi.

Lipo pia suala la mahali sauti inapolala. Toleo la 3.5 la Audacity, la Aprili 2024, limeleta nafasi ya kuhifadhi kazi mbali, katika hifadhi ya audio.com. Kwa anayetunga muziki ni jambo la manufaa, na hakuna anayelazimishwa. Lakini mzee aliyekubali kuzungumza na mwanafunzi chini ya mwembe hakukubali sauti yake ilale katika nchi asiyoijua. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inaihesabu sauti inayoweza kumtambulisha mtu kuwa miongoni mwa data za kibayometriki. Ni vyuo vingapi vinavyomweleza mzee hayo kwa lugha yake kabla ya kumwekea kidole gumba chake kwenye fomu ya ridhaa?

Idara za lugha katika vyuo vyetu zinaweza kulitengeneza hili bila kungoja fedha za wafadhili. Faili ya asili ihifadhiwe kabla ya tarakilishi kuigusa, nakala moja chuoni na moja pwani kwenyewe, Kwale au Mombasa, ambako wajukuu wa aliyesema wanaweza kuifikia. Kazi ya kusafisha ifanyiwe nakala. Maandishi ya mashine yasikubaliwe kuwa data mpaka yasomwe na mwenye lugha. Kwa Chidigo, atafutwe Mdigo, alipwe, na jina lake litajwe katika tasnifu ikiwa amependa. Na vituo vya redio vya pwani, ambavyo hurekodi wazee kila juma na kisha kufuta ili kupata nafasi, vipewe diski za kuwekea. Bei ya diski moja ni ndogo kuliko ya chakula cha mchana cha warsha moja ya kujadili lugha zilizo hatarini.

Muhula ujao wanafunzi wangu watakwenda Ramisi tena. Nimewaagiza wazime kila kisafishi kilichomo katika vinasasauti vyao na simu zao, na tumetumia kipindi kizima kukitafuta kitufe chake, maana kimefichwa ndani ya menyu ya tatu.