Ukuta Mrefu, Geti Moja

Barabara ya Musoma inapopita Nyakato, Mwanza, majengo yamevaa sare: ukuta mrefu wenye vipande vya chupa au seng'enge juu, nondo madirishani, geti moja, mlinzi na daftari la wageni. Wengi wetu tunaamini kwamba jengo lisiloingilika kirahisi ndilo salama, na fundi siku hizi haulizi, anachomelea tu. Imani hiyo inatoa jibu kabla ya swali: tunalinda nini, dhidi ya nani, naye atapitia wapi? Litazame lile daftari. Mgeni anaandika jina alipendalo, kwenye sababu anaweka "kikazi", na safu ya muda wa kutoka inabaki tupu. Moto ukizuka, hakuna ajuaye ndani wamebaki wangapi.

Machi 2001, wanafunzi 67 wa Sekondari ya Kyanguli, Machakos, waliteketea bwenini. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, madirisha yalikuwa na nondo, na walioshtakiwa kwa kumwaga petroli ni wanafunzi wenzao. Kwa hiyo kinga yote ilielekezwa nje, hatari ikalala ndani, na kinga ileile ikawazuia watoto kutoka. Hata pale adui alipotoka nje kweli, ukuta peke yake haukuwa hoja. Tarehe 7 Agosti 1998, gari la mabomu lilikwama kwenye geti la ubalozi wa Marekani Dar es Salaam kwa sababu lori la maji lilikuwa mbele yake; walikufa watu 11. Nairobi, jengo likiwa limeegemea barabara katikati ya mji, walikufa zaidi ya 200. Penye bomu, kinachohesabiwa kwanza ni umbali.

Nitaambiwa vibaka wapo kila usiku, moto huja mara moja, na ghala la dagaa hapa Nyakato si ubalozi. Kweli, vibaka wapo. Ila hakuna anayedai nondo ziondolewe. Dirisha moja katika kila chumba cha kulala liwekewe nondo zenye bawaba, zifunguke kwa ndani. Ni kazi ya fundi huyohuyo. Ghala nalo liwe na mlango wa pili usiozibwa na magunia. Mwenye jengo, umeme ukikatika usiku huu, hebu tafuta ufunguo gizani, uhesabu dakika.