Dubwi, viazi na wageni 12: Amri mpya inavyochezwa Matamba

Ijumaa ya Agosti 22 nilikuwa Matamba, wilayani Makete, ndani ya kibanda umiza kimoja jirani na soko. Taifa Stars walikuwa wanacheza na Morocco robo fainali ya CHAN kwa Mkapa. Kama hujawahi kufika Matamba, baridi ya kule haina utani. Watu wanaangalia mpira na makoti, na mzee mmoja nyuma yangu alikuja na blanketi kabisa. Oussama Lamlioui alipotupia lile bao kipindi cha pili, kibanda kizima kikawa kimya kama msibani. Kilichobaki kikilia ni dubwi pale kwenye kona. Dogo mmoja aliendelea kuingiza sarafu, hata kichwa hakugeuza.

Nikamuuliza mwenye banda mashine ile ni ya nani. Akasema ni ya jamaa. Jamaa gani? Jamaa wa mjini. Mji upi? Akacheka, akaniambia niangalie mpira.

Sikuuliza kwa umbea. Siku 25 kabla ya usiku ule, yaani Julai 28, 2025, serikali kupitia Waziri wa Viwanda na Biashara, Selemani Jafo, ilitoa amri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Ndani ya orodha kuna duka la jumla na rejareja, uwakala wa kutuma na kutoa pesa kwa simu, ufundi simu, saluni, udalali, kuongoza watalii, na kununua mazao shambani. Na imo pia biashara ya kumiliki au kuendesha mashine za kamari nje ya kasino. Kwa Kiswahili cha kijiweni, dubwi.

Adhabu yake siyo ndogo. Mgeni akikutwa anafanya biashara hizo, faini haipungui Sh10 milioni, au kifungo kisichozidi miezi sita, na viza na kibali cha makazi vinafutwa. Mtanzania anayemsaidia mgeni naye hajaachwa, ni Sh5 milioni au miezi mitatu ndani. Waliokuwa na leseni halali wameruhusiwa kuendelea mpaka zitakapoisha muda.

Sasa shabiki wa mpira haya yanamhusu nini? Yanamhusu sana, kwa sababu sisi wa mpira ndio tuliokaa na mjadala huu muda mrefu kuliko mtu yeyote nchini. Kila dirisha la usajili tunagombana kuhusu wageni. Ligi Kuu iliwahi kuruhusu wageni watano kwa timu, wakawa saba, wakaongezwa tena, na leo ni 12. Kila namba ilipopanda kuna waliolia kwamba mzawa anauawa, na kuna waliosema mzawa akitaka namba apambane.

Ukweli uko pande zote mbili. Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 na Simba wakafika mwaka 2025, na hakuna anayeweza kukaa hapa akasema wangefika bila wageni. Lakini CHAN ni mashindano ya wanaocheza ligi ya nyumbani kwao tu, na Stars hii ya wachezaji wa ndani iliongoza kundi kwa pointi 10, ikazipiga Burkina Faso, Mauritania na Madagascar, ikaingia robo fainali kwa mara ya kwanza. Akina Kapombe na Mzize wanagombea namba kila wiki klabuni kwao mbele ya hao wageni 12, na ndio hao hao waliotufungia mabao.

Kwa hiyo kanuni ya mpira haikumfukuza mgeni. Ilimwekea namba, halafu ikamwacha mzawa apambane naye mazoezini. Amri ya Jafo kwa biashara hizi 15 imeweka sifuri. Sisemi sifuri ni kosa. Kuna biashara ambazo kwa kweli mtu hana sababu ya kutoka nje ya nchi kuja kuzifanya, na uwakala wa miamala ni mojawapo. Waliokuwa wanalalamika Kariakoo kuhusu wageni kuuza rejareja walikuwa na hoja. Ninachosema ni kwamba ukimtoa mgeni uwanjani, unachopata papo hapo ni nafasi. Mchezaji wa kuiziba ni habari nyingine.

Turudi Matamba, maana huko ndiko amri itakakopimwa. Mji huu uko juu, ukielekea uwanda wa Kitulo, na ukitokea Chimala unapanda kona 57 mpaka masikio yanaziba. Wageni wenye maduka huku utawatafuta na tochi. Uchumi wa watu ni viazi mviringo, ngano, pareto na matunda. Katika zile biashara 15, zinazogusa mifuko ya Matamba moja kwa moja naziona tatu: mazao shambani, utalii na dubwi.

Utalii niupitie haraka. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, ile inayoitwa Bustani ya Mungu kwa sababu ya maua yake, ina makao yake Matamba. Kuongoza watalii sasa ni kazi ya Mtanzania peke yake. Dogo wa Matamba anayezijua njia na majina ya maua amefunguliwa mlango, akipata mafunzo na leseni. Hapo nasema hongera, sina la zaidi.

Kwenye mazao ndiko penye mechi yenyewe. Njombe inauza viazi na parachichi, na wanunuzi wa kutoka nje wamekuwa wakifika huku, hasa kwenye parachichi. Amri inataka mgeni asiingie shambani, anunue kwa mtu wa kati ambaye ni Mtanzania. Kwenye karatasi ni nzuri, faida ya katikati inabaki nchini. Lakini mkulima anauliza swali la kizamani: wanunuzi wakipungua shambani kwangu, bei inapanda au inashuka?

Na huyo wa kati tunamjua. Ni dalali. Kwa miaka mingi ndiye anayemshindilia mkulima wa viazi gunia la lumbesa, lile lenye kilemba juu, kwa bei ya gunia la kawaida. Sheria ya Vipimo inakataa gunia lizidi kilo 100. Sheria ipo, wakala wa vipimo yupo, matangazo yamepigwa, na lumbesa bado inapakiwa kwenye fuso mchana kweupe. Wanaoipakia ni Watanzania wenzetu, tena wengine wamezaliwa kijiji hicho hicho. Sasa umemwondolea dalali huyo mshindani mmoja. Ni sawa na beki aliyezoea kucheza rafu halafu refa anatoa straika wa timu pinzani. Rafu haipungui hapo, labda kinyume chake.

Ndiyo maana naona amri hii bila usimamizi wa mizani haitamfikia mkulima wa Matamba. Itamfikia wa Makambako. Pale Makambako, njia panda ya barabara kuu na barabara ya Songea, reli ya TAZARA ikipita pembeni, ndipo penye maghala, madalali na wenye magari. Hao wataiona faida mwezi wa kwanza.

Halafu dubwi. Mfumo wake ni rahisi. Mwenye mashine analeta, mwenye banda anatoa kona na umeme, mwisho wanagawana zilizomo ndani. Kwa mwenye kibanda umiza hiyo siyo hela ya kuchezea. Kiingilio cha watazamaji ni kidogo, king'amuzi kinataka malipo kila mwezi, umeme unakatika, na Jumatano isiyo na mechi kibanda ni ghala la mabenchi. Dubwi linaingiza hata siku ambayo hakuna ligi duniani.

Mmiliki mgeni akiondoka, mashine inakwenda wapi? Mtanzania akiinunua kwa hela yake, safi, amri imefanya kazi. Ninachokiogopa ni kile ambacho mpira umetufundisha vizuri mno: karatasi inabadilika, mchezaji ni yule yule. Tumeona vijana wa umri fulani ambao umri wao uko kwenye karatasi tu. Leseni nayo inaweza kusoma jina la binamu yake mwenye banda, wakati funguo za sanduku anazo jamaa wa mjini. Amri imeliona hilo, ndiyo maana ikaweka Sh5 milioni kwa Mtanzania anayemsaidia mgeni. Tatizo ni kwamba atakayekamatwa kwanza ni huyo binamu, siyo jamaa. Vijana wa Matamba, ukiombwa jina na kitambulisho chako uandikiwe biashara ambayo huijui mapato yake, kataa. Miezi mitatu ni karibu theluthi ya msimu.

Kuna na la majirani. Kenya walilalamika mapema kwamba amri inapingana na Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ambalo itifaki yake ilianza kutumika Julai 2010. Serikali hizi hizi, pamoja na Uganda, ndizo zilizokuwa zinaandaa CHAN kwa jina la Pamoja, na AFCON 2027 tunaiandaa tena kwa jina hilo hilo. Siku tano baada ya amri kutoka, Stars walifungua mashindano na Burkina Faso. Tulipeana uwanja tukanyimana duka. Hilo wakubwa watalimaliza mezani, lakini Nairobi nao wakiamua kujibu, atakayeumia ni mfanyabiashara wetu wa mazao anayepeleka mzigo kule.

Watu wa ukanda huu hawahitaji kufundishwa kwamba uamuzi wa mbali unafunga biashara ya karibu. Ihefu walipokuwa wanacheza Highland Estates, Ubaruku, bondeni kule Mbarali, mashabiki walishuka kutoka huku milimani kwenda kuwaona. Novemba 29, 2022 pale pale waliipiga Yanga 2-1 na kuvunja rekodi yake ya mechi 49 za ligi bila kupoteza. Mwaka 2024 timu ikahamishiwa Singida, leo inaitwa Singida Black Stars. Mama lishe wa Ubaruku hakuulizwa, wala bodaboda. Njombe nayo iliionja Ligi Kuu msimu mmoja, 2017/18, na Njombe Mji walipoteremka, wikiendi za mechi pale Sabasaba zikateremka nao.

Mimi nitarudi Matamba leseni za zamani zikianza kuisha muda, na nitauliza vitu viwili. Kwanza, kiazi kinapimwa kwa mizani au bado kwa kilemba. Pili, nani anakuja na funguo kufungua lile dubwi.

Usiku ule, Stars walipomaliza wakiwa wamelala 1-0, watu walitoka wakiburuza miguu kwenye ukungu. Yule dogo alikuwa bado amesimama kwenye kona. Alikuwa amebakiwa na sarafu moja, akaniuliza matokeo.