Kompyuta Inaponyamaza, Je, Imekwama?

Sokoni Isongole, wilayani Rungwe, lori la viazi laweza kusimama saa nzima bila kusogea. Yamkini lingali linapakiwa. Yamkini limekwisha kupakiwa, ila lori jingine limeziba njia. Kwa atazamaye toka mbali, hali hizi mbili ni moja. Kwa mwenye mzigo, ya kwanza yataka subira, na ya pili yataka mtu aende akazungumze na dereva wa mbele.

Ndivyo ilivyo kwa hifadhidata iliyopewa swali refu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania. Tuchukulie kwamba kila mtu ana kumbukumbu yake, nasi twataka wakazi wa kata ya Isongole tu. Pasipo faharasa, mashine haina budi kupitia kumbukumbu zote. Ikisoma 10,000 kwa sekunde, itatumia kiasi cha saa 1 na dakika 43. Muda wote huo kioo hakionyeshi kitu, na hapo ndipo wengi huizima.

Naona shule zetu zinaulea mtindo huu. Twawafundisha vijana namna ya kuuliza swali, lakini hatuwafundishi kutazama linavyoshughulikiwa. Hali hifadhidata nyingi huweka orodha ya kazi zinazoendelea: nani ameuliza, tangu lini, na kazi yake inangoja nini. Baadhi huonyesha pia idadi ya kumbukumbu zilizokwisha kusomwa. Idadi hiyo itazamwe mara mbili, maana mara moja haitoshi. Ikiwa saa nne ilikuwa milioni 12, na saa nne na nusu ni milioni 30, kazi inakwenda, na kwa mwendo huo imebakiza dakika 53 hivi. Ikiwa haikusogea, tutazame kufuli: huenda mtu mwingine anabadilisha kumbukumbu zizo hizo na hajamaliza. Tukilikatiza swali letu na kuliuliza upya, tutarudi nyuma ya mlango ule ule uliofungwa.

Kuzima umeme ni kubaya zaidi. Kazi ya kusoma tu ikikatizwa, hupotea muda peke yake. Kazi ya kubadilisha kumbukumbu lazima itanguliwe, na katika mifumo mingine kutangua huku huchukua muda mrefu. Mashine iliyozimwa ghafla hulifanya jambo hilo itakapowashwa, na huenda wengine wakangoja.

Atasema mwalimu kwamba shule yake ina kompyuta moja. Yatosha. Mwanafunzi wa kwanza afungue dirisha moja, aanze kubadilisha alama za mtihani za kubuni, kisha aache bila kuthibitisha. Wa pili, katika dirisha jingine, ajaribu kubadilisha alama hizo hizo. Wa tatu aisome orodha ya kazi na kuwaambia wenzake ni nani anayemngoja nani.