Maktaba ya Perl isichungulie, ipewe mkononi

Wadau, hii ni ya sisi wachache tunaopiga picha mchana na kuandika skripti usiku. Lakini hata kama hujawahi kugusa Perl, soma mpaka mwisho. Picha ni za mama zetu.

Juzi nilirudi Garissa kutoka upande wa Balambala na picha za mama mmoja mfugaji na mbuzi wake. Alikubali kupigwa picha kwa sharti moja tu: watu wasijue boma lake liko wapi. Ukiishi huku huhitaji kuelezwa kwa nini. Sasa, simu ikiwa imewashwa GPS, kamera huandika mahali ulipo ndani ya picha yenyewe. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, hizo data hutolewa. Ukiituma kama dokumenti ili isipoteze ubora, inaenda nazo zote. Na sisi wapiga picha tunapenda dokumenti.

Mimi nilijiona nimejipanga. Nilikuwa na skripti na maktaba yangu ndogo, Safisha.pm, inayotumia Image::ExifTool ya Phil Harvey kufuta GPS. Nikapiga:

perl andaa.pl --futa-gps *.jpg

Hakuna kosa lililoonekana. Nikatuma kwa grupu. Dakika kumi baadaye jamaa ananiandikia: "Warya, hii picha imenipeleka mpaka kwa boma lenyewe."

Nilifuta mbio, nikampigia mama simu kumwomba radhi. Halafu nikafungua skripti.

Getopt::Long ilikuwa imesoma --futa-gps vizuri na kuiweka kwenye $futa. Shida ni kwamba Safisha.pm ilikuwa inachungulia $main::futa yenyewe, mara tu inapopakiwa. Na "use Safisha;" hutekelezwa wakati Perl bado inasoma skripti, kabla GetOptions haijafanya kazi. Hata ukiiandika mstari wa chini yake, bado itatangulia. Kwa hivyo maktaba ilikuta patupu, ikaamua "basi, acha GPS", ikanyamaza.

Najua kuna mtu ataniambia nitumie require baada ya GetOptions. Itafanya kazi, lakini hicho ni kiraka. Msimamo wangu ni huu: maktaba haina biashara na @ARGV wala na vitu vya skripti. Anayeongea na mtumiaji ni skripti. Maktaba ipewe mkononi, wakati inapoitwa:

GetOptions('acha-gps' => \my $acha) or die "Chaguo hilo silijui\n";
Safisha::safisha($_, acha_gps => $acha) for @ARGV;

Hapo nimebadilisha vitu vitatu. Kwanza, uamuzi unapita waziwazi, na skripti nyingine yoyote inaweza kutumia Safisha bila kubahatisha jina la $futa. Pili, hiyo "or die": bila hiyo ukikosea herufi, Getopt::Long inakuonya tu halafu kazi inaendelea. Tatu, na hili ndilo kubwa, nimegeuza chaguo. Sasa GPS inafutwa mpaka useme iachwe. Nikisahau, hasara ni yangu: nimepoteza alama ya ramani. Zamani nikisahau, hasara ilikuwa ya mama.

Wala si mimi nimevumbua. Amri ya exiftool ni skripti ya Perl iliyokaa juu ya maktaba hiyo hiyo ya Image::ExifTool. Skripti ndiyo inasoma ulichoandika, kisha inaipa maktaba. Kuna hata chaguo la -api la kuipitishia maktaba mipangilio yake moja kwa moja.

Mtu atasema hii ni skripti ya kijana mmoja tu, si mfumo wa benki. Sawa. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hapa Kenya inataja data ya mahali kati ya vitu vinavyoweza kumtambulisha mtu, na mama hakuniuliza skripti yangu ina mistari mingapi.

Amenisamehe. Lakini aliyepakua hizo picha kabla sijafuta bado anazo, na hapo sina amri ya kupiga. Kwa hivyo kabla hujatuma chochote, piga hii:

exiftool "-gps*" picha.jpg

Ikileta namba, usitume.