Anayenunua kompyuta ndogo aulize joto kabla ya kasi

WAHENGA walisema mali bila daftari huisha bila habari. Siku hizi daftari hilo, kwa wafanyabiashara wadogo, wauzaji wa pembejeo na vyama vya msingi vya ushirika, limeanza kuhamia kwenye kompyuta. Humo ndimo yalimo majina ya wakulima, kilo walizopeleka ghalani, madeni ya mbolea na dawa, na malipo ambayo bado hayajafanyika. Kompyuta hiyo ikizima ghafla katikati ya msimu, kinachosimama si mashine peke yake, bali ni fedha ya mkulima.

Kompyuta inayowavutia wengi ni ile ndogo ya mezani, ambayo kasha lake halizidi boksi la viatu, na nyingine hulingana na kitabu kinene. Haijazi kaunta, na jioni mwenye duka anaweza kuibeba kwenda nayo nyumbani kwa kuhofia wezi. Hata hivyo, udogo huo una gharama yake, nayo ni joto. Muuzaji atataja kasi ya prosesa, ukubwa wa memori na nafasi ya diski, lakini ni nadra kutaja joto. Mnunuzi naye haulizi, na hapo ndipo anapoanza kupoteza fedha zake.

Ukweli wa jambo hili hauhitaji elimu kubwa. Umeme wote unaoingia kwenye kompyuta huishia kuwa joto, na joto hilo hutolewa na hewa inayopita ndani ya kasha. Feni haitengenezi ubaridi. Inachofanya ni kuondoa hewa ya moto na kuleta hewa ya chumbani. Kwa hiyo joto la chumba huongezeka juu ya joto la mashine. Chukua mfano wa prosesa inayofika nyuzi 65 za Selsiasi katika ofisi yenye kiyoyozi cha nyuzi 24. Ikipewa kazi ile ile katika duka la bati lisilo na dari, lenye nyuzi 36, itakaribia nyuzi 77. Ikifungiwa kwenye kabati la kaunta ambalo hewa yake imefika nyuzi 50, itavuka 90. Prosesa nyingi zina kikomo cha karibu nyuzi 100. Zikikaribia hapo hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue, na zikizidi, mashine huzima.

Maana yake ni kwamba aliyelipa zaidi kwa ajili ya kasi, akaiweka mashine kwenye joto, amenunua kasi asiyoweza kuitumia. Ubaya zaidi ni kwamba mara nyingi lawama huenda kwa virusi. Fundi huitwa, hufuta kila kitu na kuweka programu upya, hulipwa, na kesho yake tatizo linarudi pale pale. Mwenye duka anaweza kujipimia mwenyewe bila fundi. Mashine ikiwa nyepesi saa mbili asubuhi na nzito saa nane mchana, kila siku, kwa kazi ile ile, cha kwanza kushukiwa ni joto, si virusi.

Kwa wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi jambo hili lina uzito wa pekee. Msimu wa mauzo huanza karibu na Oktoba na kuendelea hadi mwishoni mwa mwaka, miezi ambayo kusini huwa na joto kali kabla ya mvua kukolea. Yaani kompyuta ya chama hupewa kazi nyingi zaidi wakati huo huo hewa ikiwa ya moto zaidi. Mashine iliyofanya kazi vizuri Julai haijathibitisha lolote. Mtihani wake ni Novemba.

Basi mnunuzi achague nini? Aanze na wati za prosesa. Kwa prosesa za Intel za kompyuta za mezani, zile zenye herufi T mwishoni mwa namba huwa na kipimo cha wati 35. Zisizo na herufi nyingi ni za wati 65, na zenye herufi K za miaka ya karibuni hufika wati 95 hadi 125. Vipimo hivi si ukomo kamili, kwani prosesa huweza kuvizidi kwa muda mfupi, lakini vinatosha kulinganisha. Kuandika stoo, kutoa risiti na kupiga hesabu za wanachama hakuhitaji zaidi ya wati 35. Hata prosesa ya N100 iliyotoka mwaka 2023, yenye kipimo cha wati 6, inaimudu kazi ya namna hiyo. Kadi ya ziada ya picha, inayouzwa kwa wapenzi wa michezo ya kompyuta, haina kazi dukani. Ni kuongeza jiko juu ya jiko.

Cha pili ni diski. Ile ya zamani inayozunguka hutoa joto, huumizwa na mtikisiko, na kwa kawaida watengenezaji huiwekea kikomo cha nyuzi 60 hivi. Ile isiyozunguka, inayofahamika madukani kwa herufi SSD, hutumia umeme kidogo na haijali kubebwa kila jioni. Cha tatu ni pawa saplai. Ikiwa na ufanisi wa asilimia 80, katika kila wati 100 inazovuta ukutani, wati 20 hupotea kuwa joto kabla hazijafika popote. Mashine ambazo pawa saplai yake iko nje ya kasha, kama ile ya kompyuta ya mapajani, zina nafuu kwa sababu joto hilo halikai ndani.

Anayeunganishiwa mashine na fundi, kwa kutumia bodi kuu ndogo ya milimita 170 kwa 170, ahakikishe kipoza cha prosesa kinaenea chini ya mfuniko na kubaki na nafasi ya kuvuta hewa. Feni moja pana inayozunguka polepole ni bora kuliko feni ndogo inayopiga kelele, maana huhamisha hewa nyingi zaidi kwa kelele kidogo. Matundu ya kuingizia hewa yawe upande mmoja na ya kutolea upande mwingine, ili hewa ya moto isizunguke na kurudi ndani.

Kuna faida nyingine ambayo haionekani siku ya kununua. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100 ina nguvu ya wati-saa 1,200. Kama ni ya asidi, inashauriwa kutumia nusu tu ili idumu, na inveta nayo hula sehemu yake. Kompyuta na kioo vikitumia jumla ya wati 45, betri hiyo itafanya kazi kama saa 11. Vikitumia wati 140, haitafikisha saa nne. Uchaguzi wa prosesa, kwa mantiki hiyo, ni uchaguzi wa kufunga ofisi mchana au jioni.

Wapo watakaosema kasha kubwa hupoa vizuri zaidi na ni rahisi kutengeneza. Wana haki. Mwenye nafasi ya kutosha na umeme wa uhakika hana sababu ya kukimbilia udogo. Lakini kwa duka la mita chache za mraba, mashine ndogo yenye wati chache ni chaguo la busara. Kosa ni kuchukua kasha dogo na kulijaza vifaa vya kasha kubwa. Mashine ndogo za ofisi zilizotumika, kama OptiPlex Micro, EliteDesk Mini na ThinkCentre Tiny, nyingi huja na prosesa za wati 35. Anayezinunua aangalie na umri wake. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11 hutaka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi.

Hata mashine nzuri huuawa na mazoea. Kitambaa cha kufuma juu ya kasha hupendeza, lakini kikifunika matundu huwa blanketi. Kabati lenye kufuli huzuia mwizi na kuzuia hewa pia. Mnyororo kwenye meza hufanya kazi ile ile bila kupika mashine. Karibu na mashine ya kusaga, ghala la pamba au banda la kuku, vumbi hujaza mapezi ya kipoza haraka. Lisafishwe kwa brashi laini umeme ukiwa umezimwa, angalau mara moja kabla ya msimu, na feni ishikwe isizunguke wakati wa kupuliza.

Kwa vyama vya ushirika, jambo hili lisiachwe kwa karani peke yake. Kompyuta ya chama hununuliwa kwa fedha ya wanachama, hivyo maelezo ya zabuni yataje wati za prosesa, aina ya diski na joto la mahali itakapokaa. Mwanachama anayejua kukagua mizani kabla hajapima korosho zake ana haki ile ile ya kuuliza kwenye mkutano mkuu kompyuta inayotunza kilo zake imewekwa wapi, na kama inapata hewa.