UFASHISTI HAUKUFA

Watu wengine husema: «Ufashisti ni habari ya Wazungu, ulizikwa pamoja na Mussolini mwaka 1945.» Maneno hayo si ya kweli, tena yana hatari.

Ufashisti ni nini? Ni kumfanya mkubwa kuwa mungu mdogo, kumhesabu kila mpinzani kuwa msaliti, na kumtwika mgeni makosa yote ya nchi. Mtaalamu wa Italia, Benedetto Croce, aliuona kuwa ugonjwa wa kupita. Lakini mwenzake Umberto Eco, aliyekuwa mtoto siku za Mussolini, alionya mwaka 1995 ya kwamba waweza kurudi bila shati jeusi, kwa sura ya upole.

Kwetu ulivaa abakosti. Mwaka 1931 Mussolini alivunja vyama vya vijana Wakatoliki, na Papa Pio wa 11 akamkemea waziwazi kwa barua yake. Mwaka 1972 Mobutu alishika njia ile ile: alitaka JMPR hata ndani ya seminari, akakataza majina ya ubatizo, na Kardinali Malula akalazimika kukimbilia Roma. Mwaka 1974 Noeli iliondolewa katika sikukuu za serikali, na kila Mzaire alihesabiwa mtu wa MPR tangu kuzaliwa. Mwaka 1997 Mobutu alianguka. Tabia ile haikuanguka naye.

Nasi wa Fizi na Baraka tusijione safi. Tarehe 28 Novemba 1964, Wasimba waliwaua Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin kule Baraka, na Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert kule Fizi. Matendo yao mema hayakuulizwa. Ilitosha kuitwa adui. Tarehe 18 Agosti 2024 walitangazwa Wenye Heri mjini Uvira. Basi, mbona asubuhi tunawaomba watuombee, na jioni tunasema juu ya jirani wa kabila lingine: «Hao si watu»? Mbegu ya ufashisti ni neno hilo hilo.

Atakayesema, «Katekista afundishe katekismu, aache siasa,» nitamjibu: amri ya tano na ya nane zimo katika katekismu. Mkristu asikiaye neno la chuki asicheke, asilipeleke mbele. Alikatae palepale, hata likitoka kwa ndugu yake.