Matokeo Yapite Njia ya Kibali

Mtafiti wa siasa anayetaka kuwahoji wakazi wa Ngokolo haanzi na dodoso, huanza na barua. Kibali hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, au na chuo chake. Barua hufika kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Shinyanga, huteremka wilayani, humfikia mtendaji wa kata, kisha mwenyekiti wa mtaa, ambaye humtembeza mgeni nyumba kwa nyumba. Kazi ikiisha, majibu ya wananchi hayarudi kwa njia hiyo. Hutafsiriwa kwa Kiingereza, yakawa tasnifu au makala ya jarida ambalo mwenyekiti yule hatalitia machoni.

Hoja ya toleo hili ni moja: matokeo yashuke ngazi zile zile zilizoshusha kibali, hadi kwenye mkutano wa mtaa.

Kanda yetu imehojiwa sana. Walinzi wa jadi waitwao Sungusungu walipoibuka huku mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, Ray Abrahams wa Cambridge aliandika habari zao, na Mtanzania Sufian Bukurura akawatafiti Kahama. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichunguza mauaji ya vikongwe Usukumani. Ni kazi nzito, zinazogusa swali la nani ana mamlaka ya kulinda na kuadhibu. Lakini kijana wa Ngokolo anayetaka kujua ulinzi wa jadi ulianzaje atazikuta kwa Kiingereza, tena mbali na kwao.

Husemwa kwamba mwananchi wa kawaida hawezi kufuatilia utafiti. Mwaka 2017 ulijibu dai hilo. Mei na Juni, kamati za Rais kuhusu makinikia, yaani mchanga wa madini uliokuwa ukisafirishwa nje, chini ya Profesa Abdulkarim Mruma na Profesa Nehemiah Osoro zilisoma muhtasari wa matokeo yao Ikulu, kwa Kiswahili, nchi nzima ikitazama. Kuanzia Kahama hadi Geita, vijiweni watu walijadili makinikia, makontena na mrabaha kana kwamba wamesomea. Kiu ipo. Kilichokosekana ni wasomi wengine wa siasa ya madini kuleta hoja zao kwenye mjadala ule ule, kwa lugha ile ile, ili watu wapime upande na upande.

Wala kuzungumzia utafiti hadharani si jambo geni. Tume ya Rais iliyochunguza masuala ya ardhi chini ya Profesa Issa Shivji, 1991 hadi 1992, iliendesha mikutano ya hadhara 277. Mwananchi alisema mbele ya jirani yake, naye akamsikia jirani. Shivji hakuishia kwenye ripoti: alishiriki kuasisi taasisi ya HakiArdhi mwaka 1994, na amekuwa akiandika kwa Kiswahili hadi leo.

Kikwazo kizito kwa mtafiti ni hofu, nayo ina sababu. Julai 2018 asasi ya Twaweza ilitangaza kwamba waliokubali utendaji wa Rais wa wakati huo wameshuka hadi asilimia 55, kutoka 96 mwaka 2016. COSTECH ikaitaka ijieleze kuhusu kibali. Septemba mwaka huo Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu, ikawa kosa kuchapisha takwimu za kupinga zile rasmi. Kifungu hicho kiliondolewa mwaka 2019. Aliyeyaona hayo ana haki ya kuogopa. Hata hivyo kimya hakimlindi. Utafiti uliosomwa mbele ya waliohojiwa una mashahidi: wao ndio wa kwanza kusema "ndivyo tulivyosema", au "hapo umekosea".

Tena matokeo yana msimu wake. Halmashauri hukusanya ushuru wa huduma kutokana na mauzo ya kampuni, migodi ikiwemo. Aliyetafiti nani huamua matumizi ya fedha hizo Geita amsaidie mwananchi kabla madiwani hawajapitisha bajeti, si miaka mitatu baadaye.

Hatuombi makubwa. Kurasa mbili za Kiswahili kwa mtendaji wa kata, bila jina la aliyehojiwa hata mmoja. Saa moja kwenye mkutano wa mtaa. Kipindi kimoja Radio Faraja hapa Shinyanga au Storm FM kule Geita. Vyuo navyo viihesabu kazi hiyo mhadhiri anapopandishwa cheo.

Sisi wahariri tunaanza. Kuanzia toleo lijalo hatutapokea makala iliyotokana na mahojiano ya kanda hii kama mwandishi hajarudisha matokeo kwa waliomjibu. Nawe msomaji, mtafiti akibisha hodi, mkaribishe kwa heshima zote. Ila kabla hujajibu swali lake la kwanza, muulize atarudi lini.